Nguvu Hazichemshwi Sufuriani

Jua linapotua, mpita njia katika mitaa ya Dar es Salaam, au penye bustani ya Forodhani kule Unguja, hakosi kukuta meza ndogo yenye sufuria inayofuka mvuke, na wanaume wameizunguka, kila mmoja na kikombe chake mkononi. Ni supu ya pweza. Hatua chache mbele yake yupo kijana mwenye sinia la mihogo mibichi, vipande vya nazi na karanga. Hakuna aulizaye wateja hao wanatafuta nini, maana kila mtu anajua. Na muuzaji naye hulisema jambo hilo kwa mafumbo, akicheka, kwamba atakayemaliza kikombe hiki atashukuriwa nyumbani kabla ya alfajiri.

Si nia ya makala haya kuwacheka watu hao. Miongoni mwao wamo walimu, makarani, wahasibu na hata wakuu wa idara, yaani watu waliosoma, ambao mchana kutwa hudai ushahidi wa maandishi kabla ya kutia sahihi zao katika jambo lolote, lakini jioni huamini neno la mtu asiyewafahamu, mradi tu limesemwa kwa sauti ya chini. Basi yafaa tujiulize bila haya na bila mzaha: je, ni kweli kwamba vipo vyakula vinavyorudisha au kuongeza nguvu za kiume? Na kama si kweli, kuna hasara gani mtu akiamini hivyo?

Nitaanza na hasara, kwa kuwa niliiona kwa macho yangu. Nilifundisha pamoja na mwalimu mmoja, mtu mpole na mchapa kazi, ambaye alipofika umri wa miaka arobaini na sita jogoo wake alikataa kupanda mtungi. Hakumwambia mkewe wala daktari. Alianza na pweza, akaendelea na mihogo, kisha mizizi, na mwisho unga fulani uliouzwa kituo cha mabasi ndani ya kipande cha gazeti. Kwa muda wa karibu miaka miwili alifanya hivyo, huku akiamka mara tatu au nne usiku kwenda haja ndogo, akinywa maji kupita kiasi, na mwili ukipungua. Mkewe, kwa kuona mume hamkaribii na fedha za mshahara zinapotea kidogo kidogo, aliamini kwamba ipo nyumba ndogo. Nyumba ikawa moto. Ndipo kidonda cha mguu kilipokataa kupona, akalazwa, na vipimo vikaonyesha ugonjwa wa kisukari uliokwisha kukaa mwilini siku nyingi. Alikatwa vidole viwili. Daktari alimweleza waziwazi kwamba ule udhaifu alioufanya siri ndio uliokuwa dalili ya kwanza, na kwamba laiti angefika siku ile alipokwenda kwa pweza, huenda vidole vyake vingalikuwapo.

Kwa hiyo swali letu si la mchezo. Ili tulijibu, hatuna budi kwanza kufahamu kitu chenyewe tunachokizungumza, kwa maana watu huchanganya mambo matatu chini ya jina moja la nguvu. La kwanza ni hamu, ambayo kiti chake ni akilini, nayo hutegemea homoni, usingizi, furaha na mapatano kati ya mtu na mwenzake. La pili ni uwezo wa mwili kuitikia hamu hiyo. La tatu ni uzazi, yaani ubora wa mbegu. Mtu aweza kuwa na moja akakosa jingine. Mwanamume mwenye nguvu tele aweza kuwa hana mbegu, huku mkewe akitukanwa na mawifi kuwa ni tasa. Dawa inayodai kutibu yote matatu kwa kijiko kimoja yapasa ishukiwe kwa sababu hiyo peke yake.

Hilo la pili, ambalo ndilo linalowapeleka wengi penye sufuria, ni kazi ya damu na mishipa. Akili inapoamsha hamu, mishipa ya fahamu hutoa hewa iitwayo oksidi ya naitriki, nayo hulegeza misuli ya kuta za mishipa ya damu. Mishipa ikapanuka, damu ikaingia kwa wingi na kuzuiliwa mahali pake. Wanasayansi watatu wa Marekani, Furchgott, Ignarro na Murad, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1998 kwa kugundua kazi ya hewa hiyo katika mishipa ya damu. Kwa maneno mengine, chochote kinachoharibu mishipa ya damu au ya fahamu huharibu na nguvu hizi: kisukari, shinikizo la damu, tumbaku, unene uliopita kiasi, ulevi, na hata baadhi ya dawa za hospitali. Tena, mishipa ya sehemu hizo ni myembamba kuliko ile inayolisha moyo, hivyo huanza kuziba mapema zaidi. Udhaifu wa chumbani mara nyingi ni tarishi anayetangulia kuleta habari za ugonjwa wa moyo. Ajabu yetu ni kwamba tarishi huyo akibisha mlango, sisi humpa kikombe cha supu ili anyamaze.

Sasa tuvitazame vyakula vyenyewe. Pweza ni chakula chema sana. Ana protini nyingi na mafuta machache, ana vitamini B12 kwa wingi, ana madini ya chuma, na ana madini ya zinki. Hiyo zinki ndiyo inayotajwa zaidi na watetezi wa pweza na wa chaza, na hawakukosea kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Ananda Prasad alichunguza vijana wa kiume huko Iran, na baadaye Misri, waliokuwa wamedumaa kimo na ambao viungo vyao vya kiume havikukua. Chakula chao kilikuwa mkate wa ngano isiyokobolewa karibu pasipo nyama, nao ulizuia zinki isiingie mwilini. Walipopewa zinki, walikua na kubalehe. Hapo chakula, au tuseme madini yaliyomo katika chakula, yalifanya kazi ambayo mtu yeyote angeiita muujiza.

Lakini tuangalie yalifanya kazi hiyo kwa nani. Yalifanya kwa aliyepungukiwa. Mtumishi anayekula samaki, maharage, mayai na nyama kwa kiasi hana upungufu huo, na mwili wake hauna ghala la kugeuza zinki ya ziada kuwa nguvu ya ziada. Kumimina maji katika mtungi uliokwisha kujaa si kuujaza, ni kulowanisha sakafu. Wala haiwezekani zinki ya kikombe kimoja kuzibua mshipa ulioziba kwa miaka kumi ya sigara na sukari.

Muhogo mbichi nao una sifa kubwa mitaani, ingawa sehemu yake kubwa ni wanga na maji. Karanga zinazoliwa pamoja nao zina arjinini, ambayo mwili huitumia kutengenezea ile oksidi ya naitriki niliyoitaja. Lakini mwili hujitengenezea arjinini yake, na nyingine hupatikana katika maharage, samaki na nyama, wala konzi moja ya karanga haiwi dawa. Nadhani muhogo umesifiwa kwa umbo lake zaidi kuliko kwa kilichomo ndani yake, kama vile mataifa mengi yalivyosadiki kwamba mmea hutibu kiungo unachofanana nacho. Zaidi ya hayo, muhogo mbichi una kemikali inayotoa sumu ya sianidi. Katika mihogo mitamu sumu hiyo ni kidogo, na kipande kimoja hakimdhuru mtu mzima mwenye afya. Lakini katika mihogo michungu ni nyingi. Mwaka 1981 katika jimbo la Nampula, Msumbiji, zaidi ya watu 1,000 walipooza miguu kwa ugonjwa uitwao konzo, na mwaka 1985 ugonjwa huohuo ulionekana katika wilaya ya Tarime. Wale walikula mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri, siku nyingi, wakati wa ukame, wakiwa na uhaba wa protini. Hali yao si sawa na ya mtu anayetafuna kipande jioni, lakini mfano wao watosha kumwonya yule anayedhani kwamba kitu cha shambani hakiwezi kudhuru.

Tangawizi, pilipili na karafuu hupasha mwili joto, huleta jasho na huuchangamsha moyo kidogo. Kwa kuwa hamu nayo huja na joto na mapigo ya moyo, ni rahisi kuzichukua dalili hizo mbili kuwa kitu kimoja. Huko Kakamega, Kenya, watu hutafuna mzizi uitwao mukombero. Huo umekwisha kujaribiwa maabara: wataalamu wa Kameruni waliwapa panya dume dawa iliyotokana na mzizi huo na wakaona mabadiliko ya kutia moyo. Hilo ni jambo la kuheshimiwa na la kuendelezwa. Hata hivyo panya hadaiwi karo, hana mkuu wa shule anayemsumbua, wala hajavuta sigara kwa miaka ishirini. Kutoka kwa panya mpaka kwa mwalimu ni safari ndefu, na dawa nyingi huishia njiani.

Upo pia mti wa misitu ya Kameruni na Gabon uitwao yohimbe, ambao gamba lake lilitumiwa na wazee kwa shughuli hii hii. Wanakemia walitoa ndani yake kemikali iitwayo yohimbini, na madaktari wa nchi kadhaa waliwahi kuiandika kama dawa. Inafanya kazi kidogo kwa baadhi ya watu. Pia hupandisha shinikizo la damu, hukimbiza moyo na kuleta wasiwasi. Mfano huu una mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba wazee hawakuwa wajinga, na si kila mzizi ni uongo. La pili ni kwamba mzizi wenye uwezo wa kutibu una uwezo wa kudhuru pia, na kwa hiyo wahitaji kipimo, si konzi.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni letu peke yetu. Katika Biblia, Kitabu cha Mwanzo, sura ya 30, imesimuliwa habari za Raheli na Lea, wake wa Yakobo, na tunguja ambazo Raheli alizitaka sana. Raheli alipata tunguja, na Lea, aliyekubali kuzitoa, akapata zamu ya mume usiku ule. Naye Lea ndiye aliyechukua mimba. Yaelekea msimulizi wa kale alikwisha kulijibu swali letu. Ulaya ya karne ya 18 ilisifu chaza, na mpenda wanawake mashuhuri Casanova aliwataja katika kumbukumbu za maisha yake. Huko huko Ulaya walisaga mdudu fulani na kumtia katika peremende, wasijue kwamba kinachowawasha watu ni sumu inayochoma njia ya mkojo. Mwaka 1772 Marquis de Sade alishitakiwa kwa kuwalisha wanawake peremende hizo mjini Marseille, wakaugua vibaya. Hatimaye, mwaka 1989, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia chakula na dawa ilitoa uamuzi kwamba hakuna hata moja ya dawa za kuamsha hamu zilizokuwa zikiuzwa huko bila cheti cha daktari iliyothibitishwa kuwa ni salama na yenye kufaa.

Hapa msomaji mmoja atanikatiza na kusema: mbona mimi nilikunywa nikaona? Sitamwita mwongo. Mwaka 1998, dawa ya sildenafili, iuzwayo kwa jina la Viagra, ilipokuwa imejaribiwa, wanaume wengine walipewa dawa yenyewe na wengine walipewa kidonge kitupu kisichokuwa na kitu, pasipo kujua nani kapewa nini. Katika waliopewa kipimo kikubwa cha dawa, 84 kati ya kila 100 walisema hali yao imekuwa nzuri zaidi. Lakini hata katika waliomeza kidonge kitupu, 25 kati ya kila 100 walisema vivyo hivyo. Robo nzima! Hao walisaidiwa na tumaini, au na utulivu, au na siku kupita. Supu ya pweza, basi, ina mtaji wa mtu mmoja katika kila wanne kabla pweza hajatiwa chumvi. Mtu anayekwenda nyumbani mapema, ameshiba, hakupitia kilabu cha pombe, na ana matumaini, amekwisha kujisaidia kwa njia nne. Ile ya tano, yaani pweza, ndiyo inayopewa sifa yote.

Atasema tena: ikiwa imani inasaidia, kwa nini uniharibie imani yangu? Ningalimwachia, kama isingalikuwa kwa mambo mawili. La kwanza nimekwisha kulieleza kwa habari ya mwalimu yule: imani humfanya mgonjwa asubiri. La pili ni biashara inayofuata nyuma ya imani hiyo. Anayekosa penye supu huhamia penye unga na chupa zisizokuwa na jina la mtengenezaji. Wachunguzi wa Marekani walihesabu bidhaa 776 zilizouzwa kama virutubisho vya asili kati ya mwaka 2007 na 2016, ambazo ndani yake zilifichwa dawa za viwandani. Karibu nusu zilikuwa za nguvu za wanaume, na iliyofichwa humo aghalabu ni hiyo hiyo sildenafili. Mnunuzi husifu mizizi, kumbe amemeza kidonge asichokijua kipimo chake. Na iwapo mtu huyo anatumia dawa za moyo za jamii ya naitreti, mchanganyiko huo waweza kuteremsha shinikizo la damu ghafula hata akafa. Maiti hiyo ikifika nyumbani, watu watasema amerogwa.

Basi ni nini kinachofaa? Mwaka 2004 madaktari wa Italia walitangaza matokeo ya uchunguzi wa wanaume 110 wanene wenye udhaifu huu. Nusu yao walifundishwa kwa makini jinsi ya kupunguza chakula na kufanya mazoezi; nusu nyingine walipewa maelezo ya jumla tu. Baada ya miaka miwili, katika kundi la kwanza la watu 55, wanaume 17 walikuwa wamerudia hali ya kawaida; katika kundi la pili la watu 55, ni watatu tu. Hawakunywa kitu cha ajabu. Walitembea, na walikula kidogo. Kwa sisi tunaokaa juu ya viti tangu asubuhi hadi jioni, tukinywa chai yenye vijiko vinne vya sukari, na kupanda gari kwa mwendo wa dakika kumi, habari hii yapasa kubandikwa ukutani penye kila ofisi.

Nasi walimu tunayo sehemu yetu. Somo la mwili wa binadamu lisiishie katika kuchora moyo na mapafu. Kijana aelezwe pia kwamba kiungo hiki ni kiungo kama vingine, kinaugua na kinatibika. Waganga wa jadi nao wasidharauliwe. Kitengo cha utafiti wa dawa za asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974, kikawa taasisi kamili mwaka 1991, na sheria ya tiba asili na tiba mbadala ilitungwa mwaka 2002. Njia ya kuupima mzizi ipo. Mganga mwenye dawa ya kweli hana sababu ya kuogopa kipimo, na mwenye kuogopa kipimo hana sababu ya kuaminiwa.

Mwisho, nasema na mwenye nyumba mwenyewe. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nao walijua walilolisema. Ndugu yangu, ukiona nguvu zimepungua kwa muda wa miezi miwili au mitatu mfululizo, mwambie mkeo, maana yeye ameshajua, na asilolijua ni sababu tu, naye ataitunga mwenyewe kwa uchungu usipompa. Kisha nenda zahanati upimwe sukari na shinikizo la damu. Vipimo hivyo havichukui hata nusu saa, na daktari amekwisha kuwaona wengi kama wewe kabla ya saa nne asubuhi.

Ukirudi kutoka huko, ukapita penye sufuria na pweza akanukia vizuri, kunywa kikombe kimoja. Ni supu nzuri. Inywe kwa kuwa ni tamu, na kwa kuwa una njaa.